Neno la Kichwani mwa Kitanda

Mume wangu Nzomo na mama yangu mzazi walikuwa hawajawahi kutazamana usoni. Wala hawakuwa na ugomvi. Ni nthoni tu, ile adabu ya Kikamba inayomkataza mwanamume kukutana ana kwa ana na mama mkwe wake. Wakikaribiana njiani, huyu anaingia kichakani upande huu na yule upande ule, na kila mmoja anajifanya anatafuta kuni. Kijijini kwetu Mwala, kwenye vichaka tele, adabu hiyo haina shida. Njoo nayo Nairobi, Shauri Moyo, ambako nyumba ni chumba kimoja, bomba ni moja na choo ni cha foleni, ndipo utajua kama unaipenda adabu au la.

Mama alifika Jumatatu moja ya Julai, mwaka wa themanini na tatu, katika baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye meno. Hakutuma habari. Nilikuwa uani nafua, mtoto wetu Koki nimemfunga mgongoni, nikamwona anatua kikapu chake karibu na beseni langu.

"Mbeti," akasema, hata salamu hatujamaliza, "funga vitu vyako. Nimekuja kukuchukua."

Nilijua ni nini. Mbuzi. Kwetu mwanamke hajawa mke wa mtu mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwao, na Nzomo alikuwa hajawapeleka. Alikuwa amepeleka asali, amepeleka blanketi, na maneno matamu alipeleka mpaka wazee wakachoka kuyasikiliza. Mbuzi, hapana. Kwa hiyo kwa mama mimi nilikuwa msichana wa nyumbani kwake aliyekawia safarini, na Koki alikuwa mtoto wa ukoo wetu. Tena baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na boma zima lilibaki la mama na kuku. Nilimwambia sitaki kwenda. Akasema hajaniuliza kama nataka.

Mimi sina subira, hilo nimelirithi kwake. Tulibishana pale uani mpaka sabuni ikakauka mikononi mwangu, na majirani wakatoa viti nje. Mwishowe alikubali kungoja mpaka basi la Jumapili, ili Nzomo apate nafasi ya kuaga mtoto. Alilisema hilo kama mtu anayetoa zawadi.

Bila shaka hangeweza kulala kwetu, chumba kimoja na mkwe wake. Alilala chumba cha pili, kwa Truphena, jirani yangu mjane wa kutoka Kakamega, mwanamke mnene wa vicheko ambaye hakuwahi kusikia la mtu akaliacha lipite. Kati ya chumba chake na chetu palikuwa na ukuta ambao haukufika kwenye paa. Uliishia pale mjenzi alipochoka. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

Jumanne asubuhi nilimkuta Nzomo kazini Gikomba, kwenye karakana ya wachongaji. Mimi nami nilikuwa na kazi pale, kupiga msasa na kupaka rangi ya viatu ili vinyago ving'ae. Usiku Nzomo alikuwa amejua tu kwamba mama amekuja kututembelea; sasa nikamwambia habari ya basi la Jumapili. Akaweka tezo chini, akakaa juu ya gogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kuchekesha. Nzomo alikuwa mchongaji wa viboko. Viboko wadogo, viboko wakubwa, viboko waliofungua kinywa. Alikuwa na mkono wa kuchonga chochote duniani, lakini Mzee Maingi, mkubwa wa karakana, alikuwa akimpa viboko tu kwa sababu Nzomo alikuwa mtu wa mzaha na mwenye kuchelewa, na kiboko hata akichelewa hakuna anayelalamika.

Siku hiyo hiyo akaja Bulle, mfanyabiashara wa Eastleigh aliyekuwa akinunua vinyago vyetu na kuvisafirisha ng'ambo. Alikuja na haraka zake, funguo zikilia kidoleni.

"Mzee Maingi, kuna kazi ya harusi," akasema. "Bibi harusi Mspanish, bwana harusi Mspanish. Wanataka ule ubao wa kichwani mwa kitanda, mkubwa, wa mvule. Pembeni maua na ndege, katikati neno moja. Huyo ajenti wao ameniambia kwa simu, neno ni spring. Lakini iandikwe kwa lugha yao."

"Spring gani?" Mzee Maingi akauliza.

"Spring. Kwani ziko ngapi?"

"Si uwaulize wenyewe?"

"Wenyewe wako Samburu wanalala kwa mahema wanaangalia twiga. Hakuna simu huko. Jumamosi wanakuja kuchukua mzigo, na mimi naenda Mombasa sasa hivi. Mtajua wenyewe. Warya, sikilizeni, mbao ikiharibika hiyo ndiyo ya mwisho, nimetafuta mvule ya upana huo mwezi mzima."

Akaondoka. Sijui ni nini kilichomwingia Mzee Maingi. Labda alikuwa amenisikia nikilia nyuma ya magogo, maana mimi nikilia sifichi. Aliita wachongaji wote, akamgeukia Nzomo.

"Hii kazi ni yako," akamwambia. "Ukimaliza, na mwenyewe aipende, sisi wote hapa tutakwenda na wewe Kiamaiko na malipo ya kazi hii tuchague mbuzi, na tutawasindikiza mpaka Mwala tukiimba. Nitamwambia mama mkwe wako hivyo mimi mwenyewe. Akiikataa, unarudi kwa viboko."

"Na Mbeti?" Nzomo akauliza.

"Mbeti ataenda na mama yake. Mimi nitamwambia nini yule mama? Ana haki."

Kuanzia hapo Nzomo hakuchelewa tena. Maua na ndege aliyaanza siku hiyo hiyo, na mpaka Jumatano jioni ule ubao ulikuwa umejaa ndege wenye shingo za kila aina, wengine wakinong'onezana, mmoja akiwa na uso wa Mzee Maingi kabisa. Katikati aliacha nafasi tupu ya neno. Watu walikuwa wakipita wanaitazama ile nafasi kama vile kitu kingetokea chenyewe.

Nyongesa, mchongaji mwenzao aliyekuwa na kadi ya maktaba, ndiye aliyeleta kamusi ya Kiingereza na Kihispania, Jumatano hiyo mchana. Akaifungua juu ya benchi, sote tukainama. Badala ya neno moja tukakuta mlolongo. Manantial, hiyo ni chemchemi ya maji. Resorte, waya wa kujikunja. Salto, mruko. Na primavera, majira fulani ya mwaka.

"Resorte," akasema Mzee Maingi bila hata kufikiri. "Ni kitanda, jamani. Kitanda kina nini? Kina springi. Watu wa ng'ambo wanapenda mambo waziwazi."

"Mzee, hawa ni maharusi," Nyongesa akasema. "Ni kitanda cha maharusi. Mimi naona ni hii salto."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mzee Maingi alikuwa mzee wa kanisa, alichota vumbi la mbao akamrushia, lakini nilimwona mabega yanamtikisika. Kwa siku mbili zilizofuata, kila mtu aliyekuwa akivuka gogo alikuwa akitangaza salto.

Nzomo yeye alisema ni maji. Na alipoeleza, kila mtu akaitikia kwa kichwa, maana karibu sote pale tulikuwa wa Ukambani. Umeamka alfajiri na punda, umetembea mpaka mto mkavu, umechimba mchanga kwa mikono, na pale chini maji yanakuja polepole, masafi, baridi. Mtu akikuombea jambo jema kwenye ndoa yako, atakuombea nini zaidi ya hilo? Hata mimi niliona ni maji.

Primavera haikupata mtu. "Majira ya mwaka?" Mzee Maingi akasema. "Nani anachonga hali ya hewa juu ya kitanda? Si afadhali achonge Julai." Na yale maua je, hayakutuambia kitu? Hayakutuambia. Nairobi maua yapo Januari, yapo Juni, yapo kwenye ua wa kila mtu na kwenye makaburi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona ua akafikiria tarehe.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama. Kabla sijaolewa, au kabla sijakaribia kuolewa, ukitaka tuseme hivyo, mama alikuwa mpishi wa familia ya Wahispania kule Lavington, miaka na miaka. Alikuwa akirudi likizo akiwafokea kuku kwa Kihispania. Nikaacha msasa, nikakimbia mpaka Shauri Moyo.

Nilimkuta kwa Truphena anapika maharagwe. Nikamweleza yote, ubao, neno, maana zake zote. Mbuzi nikawataja pia, nilidhani atafurahi. Mama akaendelea kukoroga.

"Kwa hiyo neno likiwa sawa, unabaki," akasema.

"Ndiyo, Mwaitu." Hivyo ndivyo sisi tunavyowaita mama zetu.

"Na likiwa si sawa?"

"Nakuja na wewe."

Akasema atafikiri. Jioni hiyo Nzomo alipotoka kazini, kazi yangu ikawa ya posta. Mama alikuwa na maswali, na maswali yake lazima yapitie kwangu, ingawa mkwe wake alikuwa upande wa pili wa ukuta anasikia kila neno.

"Muulize ubao una upana gani," mama anasema. Natoka kwa Truphena, naingia kwetu. Nzomo amekwisha kunyoosha mikono anionyeshe upana. Natoka tena. "Anasema ni kama hivi, Mwaitu." "Muulize hao ndege wanaruka au wamekaa." Natoka. "Wengine wamekaa," Nzomo ananong'ona, kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia. Narudi.

"Mbeti, simama tu hapo mlangoni katikati," Truphena akaniambia huku akifuta machozi ya kicheko. "Hivyo viatu vyako vitaisha. Ati wamekaa, mama. Nimesikia mimi, wewe hukusikia?"

"Mimi sijasikia kitu," mama akasema kwa heshima zake zote. "Sisikii sauti ya mkwe wangu."

Akafunika sufuria. Akafuta mwiko polepole, akaugeuza, akaufuta tena. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Ni maji. Waandike manantial."

Upande wa pili wa ukuta kikasikika kishindo, Nzomo ameruka juu. Nilimkumbatia mama mpaka leso ikamdondoka. Yeye hakunikumbatia, alikuwa na mwiko mkononi.

Jioni ya Alhamisi ilikuwa jioni ya wendawazimu. Kila kitu kilikuwa kimekaa vizuri. Ubao umeisha isipokuwa neno, na neno tunalo, kesho linakatwa. Nzomo alilijaribu kwa sauti zote, ya mchungaji, ya mtangazaji wa mpira, ya Bulle na funguo zake. Alimwogesha Koki kwenye beseni akimwambia, "Bibi harusi, hii ndiyo manantial," na Koki, aliyekuwa na maneno machache tu duniani, akasema "mana" na kumpiga na maji usoni. Nzomo akajibwaga kitandani kama aliyepigwa risasi, na springi moja ya kile kitanda chetu kizee ikachomoka, ikatoboa godoro kwa mlio mrefu.

"Resorte," nikasema.

Basi kicheko kikatumaliza. Mimi nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nzomo alikuwa akijaribu kuinuka, kila akiinuka shati linamshika kwenye ule waya, na kila likimshika nasema tena resorte. Truphena alikuwa akicheka upande wake bila hata kujua ni nini. Tulikuwa tukinyamaza, tunavuta pumzi, kisha mmoja anaguna, tunaanza upya. Sauti ya mama sikuisikia hata mara moja.

Ijumaa asubuhi Nzomo alikuwa amesimamisha ubao katikati ya karakana, ameuegemeza kwenye magogo mawili, na herufi zimechorwa kwa penseli. Alikuwa ananoa patasi. Alikuwa akinoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Mzee Maingi alikuwa amekwisha kumuuliza kama anataka kunyolea ndevu. Nadhani alikuwa anaogopa. Mimi nilikuwa napiga msasa shingo za ndege.

Nyongesa akaingia mbio. "Nzomo, mama mkwe. Anakuja. Yuko hapo kwa wauza mitumba, anatembea kama polisi."

Karakana yetu ilikuwa banda la mabati lenye mlango mmoja. Nzomo alizunguka kama kuku aliyeona mwewe, akaangalia chini ya benchi, akaangalia paa. Mwishowe akajitupa nyuma ya ule ubao, akachuchumaa. Ubao ulimficha mwili mzima isipokuwa miguu, ambayo ilibaki imechungulia chini na akala zake, vile viatu vya tairi.

Mama aliingia leso ikiwa imevutwa mpaka kwenye macho. Wachongaji wakasimama. Aliitazama ile miguu, akaitazama tena, kisha akavuta kigogo na kukaa mbele ya ubao kama mtu aliyekuja kutembelea. Mwanamke wa umri wake kuingia mahali alipo mkwe wake ni jambo la kusimuliwa mpaka Kitui.

Mzee Maingi akakohoa. "Kukiwa na kizuizi katikati, wanaweza kusema," akatutangazia sisi sote, polepole, kama anayesoma sheria. "Tangu zamani. Mama ndani, mkwe nje, ukuta katikati. Hapa kizuizi kipo."

"Wewe uliye nyuma ya ubao," mama akasema.

Sauti ndogo ikatoka kwa ndege, "Naam, mama."

"Hilo neno umelikata?"

"Bado, mama. Nilikuwa nanoa patasi."

"Mvivu," mama akasema. "Leo uvivu umekusaidia. Usilikate. Si maji. Nilidanganya."

Nilianza kusema jambo, mama akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nyamaza, Mbeti, siongei na wewe." Akaendelea, akiutazama ubao. "Yule mama niliyempikia, kwao kuna miezi ambayo huwezi kupata ua hata moja. Miti inabaki vijiti, watu wanajifungia ndani. Halafu siku zinageuka, maua yanarudi yote kwa pamoja, na ndege, na watu wanatoka nje kama walevi. Hiyo ndiyo primavera. Kila mwaka mwezi wa nne, mvua ikinyesha hapa, alikuwa akijaza jagi maua ya bustani, ananiita, Ndindi, kwetu sasa ni primavera, na analia. Mtu akisema chonga maua na ndege juu ya kitanda cha harusi, na neno ni hilo la Kiingereza, anataka hilo. Nililijua pale pale Mbeti aliponiuliza. Maharagwe hayakuwa yamechemka."

Miguu ya Nzomo ilisogea kidogo. "Sasa mama, kwa nini ulisema maji?"

"Kwa sababu ungelikosea, na mimi ningerudi na mtoto wangu."

Alilisema bila aibu hata kidogo. Nikasema, "Mwaitu, ungenivunjia nyumba," na sauti yangu ikavunjika yenyewe.

"Ndiyo," mama akasema. "Nilitaka kuivunja. Nimelala kando ya ukuta wenu tangu Jumatatu. Kila jioni nawasikia mnacheka. Jana nikasema watachoka, hamkuchoka. Hata yule mtoto anacheka, na hajui lolote. Nyumba yangu Mwala, tangu baba yako aende, sauti ninayoisikia ni ya kuku. Nikawa najiambia, nikimchukua huyu atanichekea kule. Nikajiambia hivyo mpaka alfajiri." Akavuta leso. "Hangenichekea. Angekaa tu ananitazama."

Nyongesa alikuwa ameangalia juu, anahesabu mabati. Mimi nilikuwa nimeshika kipande changu cha msasa na nalia waziwazi, hasira na mapenzi vikiwa vimechanganyika hata sikujua nianze na kipi. Nilitaka kumfokea na nilitaka kumbeba.

Mama akainuka. Alipapasa shingo ya ndege mmoja, yule mwenye uso wa Mzee Maingi, akaguna.

"Unajua kazi," akauambia ubao. "Andika primavera. Na mbuzi wangu nawataka. Usifikiri nimesamehe mbuzi."

Ndege wote wakaanza kutikisika, kwa sababu aliyekuwa nyuma yao alikuwa anacheka, na kicheko kikashika banda zima, mpaka Mzee Maingi akalazimika kukaa. Mama alitoka mgongo ukiwa wima. Nzomo alifuta penseli kwa mate na kiganja, akaanza kukata. Alikata siku nzima, na hakuna aliyemfanyia mzaha.

Jumamosi Bulle aliwaleta, bibi harusi na bwana harusi, wekundu wa vumbi la Samburu. Bulle alikuwa akitokwa na jasho katika baridi ile. Tulikuwa tumeufunika ubao kwa gunia, na Mzee Maingi akalivua mwenyewe, akarudi nyuma akishika kofia yake.

Yule dada wa Kihispania alisoma. Akaweka mikono yote miwili mdomoni. Kisha akaanza kusema, kwa kasi ambayo sijasikia tena maishani, akimvuta mume wake mkono, akigusa herufi, akigusa ndege, akamshika Mzee Maingi na kuzunguka naye kwenye vumbi la mbao, mzee wa kanisa mzima, kofia ikaruka kule.

"Anasema nini?" Bulle akauliza. "Jamani, anafurahi au anakataa?"

"Anafurahi," sauti ikajibu kutoka nje. Mama alikuwa amekaa nyuma ya mabati, kwa kuwa mkwe wake alikuwa ndani. "Anasema walikutana majira hayo, bustanini, na wakaoana majira hayo. Anauliza ni nani aliyechonga."

Nzomo alisukumwa mbele, naye, aliyekuwa na maneno ya kuwachekesha wafu, akasimama pale akichezea patasi yake. Yule dada alimbusu mashavu yote mawili. Nilimwambia baadaye asizoee.

Wachongaji walikwenda Kiamaiko mchana huo huo, wote, na Mzee Maingi akawa anawafungua mbuzi midomo kama daktari wa meno. Walikubaliana na mwenye mbuzi awatunze watatu mpaka mwezi wa nane, watakapopelekwa Mwala kwa taratibu zote. Nilimwomba mama angoje, asafiri nao, aimbiwe njiani. Nilimwomba akae hata wiki moja zaidi. Akasema kuku wake hawajui kungoja.

Kwa hiyo Jumapili tulimsindikiza stendi ya mabasi ya Machakos. Mama na mimi tulitembea upande mmoja wa barabara, Koki mgongoni kwangu. Upande wa pili, nyuma kidogo, akaja Nzomo amebeba mzigo wa mama kichwani, uso ameuelekeza kwenye maduka. Tulipofika, mama aliingia ndani ya basi na kukaa dirishani, nami nikasimama nje chini ya dirisha lake. Nzomo alipandia nyuma, akaufunga mzigo juu ya paa kwa kamba, akaukaza mara mbili, akashuka, na kujibanza nyuma ya gurudumu.

Mama hakulia. Alikuwa ametazama kiti kilicho mbele yake. Nilitaka kumwambia nitakuja, nitakuja kila mwezi, lakini machozi yalinitangulia.

Kondakta alikuwa kijana mcheshi, alikuwa ameona vituko vyote. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Mama," akasema, "huyu jamaa amefunga mzigo wako vizuri hivyo, sasa mbona anajificha kwa gurudumu? Ni wako?"

"Ni mwanangu," mama akasema, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma.

Kondakta akanielekezea kidole mimi niliyekuwa natiririkwa na machozi pale chini. "Na huyu dada analia, ni binti yako?"

Dereva alikuwa amewasha injini. Mama alinitazama kupitia dirishani, akanitazama vizuri, mimi na mtoto.

"Huyo," akasema, "ni mke wake."